Kufundisha Uchaguzi wa Pistoni za Kufuliwa

Mwanafunzi wa ufundi wa magari akiulizwa ni pistoni ipi iifaayo injini yenye nguvu nyingi, hujibu mara moja: ya kufuliwa. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi, na fundi anayehitimu nalo tu aweza kumharibia mwenye gari injini ya thamani kubwa. Hapana budi mwalimu amfikishe kwenye swali la pili: imefuliwa kwa aloi gani, na kwa kazi gani?

Lugha yetu yenyewe yatupa mwanzo mwema. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Kufua ni kuyapiga au kuyakandamiza yangali yabisi. Wanafunzi wengi wamekwisha kuona sufuria nzito za aluminiamu za kusubu (baadhi zimetokana na pistoni kuukuu!) na jembe la mhunzi. Waulizwe ni kipi huvunjika ghafla na kipi hupindika kwanza. Hivyo ndivyo pistoni ya kusubu iwezavyo kupasuka mafuta yanapolipuka ovyo ndani ya silinda, ilhali ya kufuliwa huvumilia zaidi.

Kisha hesabu iandikwe ubaoni. Aloi ya 2618 ina silikoni kidogo mno; ile ya 4032 ina takriban asilimia 12, na silikoni hupunguza kutanuka. Tuchukue kipenyo cha milimita 86, joto lipande kwa nyuzi 100 za sentigredi. Pistoni ya 2618 itatanuka karibu milimita 0.19, ya 4032 karibu 0.17, na silinda ya chuma cha kusubu kama 0.1 tu. Hesabu hii ni ya darasani, maana katika injini pistoni huwa na joto kuliko silinda. Nafasi ya kufungia ifuatwe kama alivyoagiza mtengenezaji wa pistoni. Lakini sababu imekwisha kuonekana. Pistoni ya 2618 hufungwa kwa nafasi kubwa zaidi, hugonga injini ikiwa baridi, nayo huchaguliwa kwa mashindano na turbo yenye shinikizo kubwa. Ile ya 4032 hukaa kwa utulivu katika gari la kila siku, ila si sugu kama mwenzake.

Uzito nao usisahauliwe. Mizunguko ikipanda kutoka 6,000 hadi 9,000 kwa dakika, nguvu inayoivuta pistoni huongezeka mara 2.25.

Katika karakana, tatizo hasa ni kipimo. Sketi ya pistoni si duara kamili, wala haina upana mmoja toka juu hadi chini. Anayeweka maikromita karibu na kichwa atapata nafasi ya uongo. Kila mwanafunzi apime mahali palipoonyeshwa na mtengenezaji, kisha apime tena sentimita moja juu yake, alinganishe.

Mwishoni kila kundi lipewe mteja wake: dereva wa mashindano, mwenye gari la turbo la barabarani, na mwenye teksi. Kwa huyu wa tatu, pistoni ya kusubu iliyokuja na injini yamtosha kabisa, na kundi litakalomuuzia ya kufuliwa litakiwe kueleza kwa nini.