"AMECHOKA" AU ANAKUFA? Msamiati wa Safari na Mbwa katika Njia za Jua, Kutoka Vilima vya Mbooni hadi Mto Athi

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali hii humsifu mnyama asiyekata tamaa maadamu macho yake yanaona pa kufikia. Katika nchi kame, hata hivyo, sifa hiyo hiyo huweza kumwangamiza. Mbwa anayemfuata bwana wake juani hana ufuko mwingine ila mgongo wa bwana huyo. Maadamu anauona mgongo ule ukisonga mbele, naye atasonga, hata kama mwili wake umekwisha kushindwa.

Makala haya yanachunguza safari ya miguu ya mtu na mbwa katika njia zisizo na kivuli za Mbooni, katika Kaunti ya Makueni, hadi mto Athi unaopakana na Kitui. Hoja kuu ni ya kilugha na ya kimaisha kwa pamoja. Wasafiri wengi hutumia neno moja tu, "amechoka", kueleza kila hali ya mbwa aliye juani. Neno hilo ni pana mno. Linafunika uchovu wa kawaida na linafunika pia dakika za mwisho za uhai. Kiswahili kina maneno mahususi zaidi, na anayeyatumia kwa makini hulazimika kumtazama mnyama wake kwa makini.

2.0 Njia na Jua Lake

Vilima vya Mbooni vina nafasi ya pekee katika historia ya Wakamba. Masimulizi ya jadi na maandishi ya wanahistoria huvitaja kuwa mojawapo ya makao yao ya mwanzo, ambako watu walisambaa baadaye hadi Kitui na kwingineko. Katika uwindaji wa zamani, ngiti, kama mbwa anavyoitwa kwa Kikamba, aliandamana na wenye pinde na mishale. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini mbwa hakuacha njia. Leo huonekana nyuma ya mbuzi na ng'ombe, kando ya mtoto aendaye kuchota maji, na pengine pamoja na mgeni wa kutoka mjini aliyekuja kupanda vilima kwa burudani.

Njia hizi zina hila moja inayostahili kuelezwa kwa kituo. Katika milima mingi msafiri huanza chini penye joto, akapanda kuelekea kwenye baridi. Mbooni mambo hugeuka. Anayeanzia Kikima alfajiri huanza katika ubaridi, pengine katika ukungu, penye miti na mashamba ya kijani. Anaposhuka kuelekea Tawa, na hatimaye nyanda za Kalawa karibu na mto Athi, mambo mawili humjia kwa wakati mmoja: jua linapanda naye anashuka. Kwa kawaida joto la hewa huongezeka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za mteremko. Kwa hiyo mbwa aliyeonekana mchangamfu saa 12 asubuhi hajathibitisha lolote kuhusu saa 6 mchana. Tena, anayetaka kurudi siku hiyo hiyo atalazimika kuupanda mlima wakati mnyama amekwisha kupoteza maji na nguvu.

Jambo la pili ni kivuli. Mbooni iko chini ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Machi na wa Septemba, jua la adhuhuri huwa karibu utosini kabisa. Kivuli cha mti hujikusanya chini ya mti wenyewe, na kivuli cha mtu hakitoshi kumfunika hata mbwa anayetembea ubavuni pake. Miezi hiyo ndiyo pia inayotangulia mvua au kuanza nayo, na migunga mingi huwa haina majani ya kutosha kukinga jua.

3.0 Mwili wa Mbwa na Joto

Mtu hupoza mwili kwa jasho linalotoka karibu kila mahali katika ngozi yake. Mbwa hana neema hiyo. Tezi zake za jasho zinazohusika na kupoza mwili ziko nyayoni tu, na mchango wake ni mdogo. Njia yake kuu ni kuhema: hewa hupita haraka juu ya ulimi na ndani ya pua, unyevu hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto. Njia hii ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni maji mwilini, kwani pasipo maji hakuna cha kugeuka mvuke. La pili ni uhuru wa kinywa. Kumfunga mbwa mdomo kwa kamba ili asiume watu njiani ni kumziba njia yake ya kupoa.

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likivuka nyuzi 41, viungo vya ndani, yaani ubongo, ini, figo na matumbo, huanza kudhurika. Aidha, tumbo la mbwa liko karibu na ardhi, hivyo huchomwa na jua kutoka juu na mchanga kutoka chini. Mbwa wanene, wazee, wenye pua fupi na wenye manyoya mazito huathirika mapema zaidi. Mbwa aliyezoea ubaridi wa Nairobi naye hawezi kulinganishwa na yule aliyekulia Kalawa, kwani mwili huhitaji majuma kadhaa kuzoea joto.

Kipimo cha ardhi ni rahisi. Msafiri aweke kiganja juu ya mchanga au mwamba kwa sekunde 7. Asipoweza kuvumilia, basi nyayo za mbwa nazo haziwezi.

4.0 Ngazi ya Maneno Matano

Kamusi huyaeleza baadhi ya maneno yafuatayo kwa maana zinazokaribiana mno. Katika makala haya yanapangwa kama ngazi, kila moja likitajwa pamoja na wajibu wake.

(a) Kuhema. Mbwa anapumua kwa kinywa wazi, ulimi nje, lakini macho ni maangavu na anaitika akiitwa. Hii ni kazi ya kawaida ya mwili. Wajibu: apewe maji na mwendo upunguzwe.

(b) Kutweta. Pumzi ni za haraka na za nguvu, na hazipungui hata baada ya kusimama. Ulimi umepanuka na mbwa hukimbilia kila kijivuli. Wajibu: safari isimame. Hapa ndipo wengi husema "amechoka kidogo" wakaendelea, na hapa ndipo safari nyingi huharibika.

(c) Kutoa udenda. Mate mazito yananing'inia na ufizi umekuwa mwekundu kupita kiasi. Mbwa huweza kutapika. Hii si ishara ya uchovu tena bali ya maradhi. Wajibu: apozwe mara moja.

(d) Kupepesuka. Miguu haishirikiani, macho yanakodoa, na jina lake halimwamshi. Ubongo umekwisha kuguswa na joto.

(e) Kuzirai. Mbwa ameanguka. Huweza kutetemeka kwa kifafa. Kifo ki karibu.

Kuanzia daraja la tatu, kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mbwa ahamishiwe kivulini na amwagiwe maji mwili mzima, hasa tumboni na kwapani, huku akipepewa kwa kofia au leso. Asifunikwe kwa nguo iliyolowa na kuachwa hivyo, kwa sababu nguo hiyo hupata joto na kulizuia mwilini. Akiwa na fahamu apewe maji kidogo kidogo. Akiwa amezirai asinyweshwe, maana maji yataingia mapafuni. Hata akisimama na kutikisa mkia, yampasa aonwe na daktari wa mifugo, kwani madhara ya figo na ini huweza kujitokeza baadaye.

Ifahamike kwamba ngazi hii hupandwa kwa kasi. Kati ya kutweta na kuzirai huenda kukawa na dakika chache tu. Ndiyo maana neno sahihi lina thamani: anayesema "anatweta" amekwisha kuona kwamba si kuhema tena.

5.0 Maji

Mbwa aliyepumzika huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mbwa wa kilo 15, kwa hiyo, huhitaji kama mililita 750 hadi 900 akiwa nyumbani. Katika mwendo wa jua mahitaji huongezeka sana, na ni busara kumbebea lita 2 zake peke yake, mbali na maji ya mtu.

Ukambani una hazina ya maji yasiyoonekana. Mito mingi ya msimu hukauka juu, lakini maji hubaki ndani ya mchanga. Mabwawa ya mchanga hufuata hekima hiyo. Ukuta hujengwa kukata mto, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa katikati ya chembe, mbali na jua. Katika miaka ya 1990 shirika la SASOL lilianza kujenga mabwawa mengi ya aina hiyo huko Kitui. Watu huchimba visima vifupi mchangani na kungoja maji yachuje. Adabu inamtaka msafiri asimwachie mbwa kuingia katika kisima ambamo jirani atachota maji ya kunywa. Maji yatekwe kwa kata, yamiminwe katika bakuli, na mbwa anyweshwe kando.

Historia ina ushahidi wa thamani ya maji haya. Ludwig Krapf, ambaye wanafunzi wa Kiswahili humjua kwa sarufi yake ya 1850 na kamusi iliyochapishwa 1882, alisafiri Ukambani mwaka 1849 na tena 1851. Katika safari ya pili mwenyeji wake, mfanyabiashara mashuhuri Kivoi, aliuawa katika shambulio karibu na mto Tana. Krapf alikimbia peke yake. Kwa kukosa kibuyu alitia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini na katika mitutu ya bunduki, lakini maji hayo hayakumfikisha mbali. Kilichomwokoa baadaye ni kelele za nyani: aliufuata mkondo mkavu akakuta shimo walilolichimba mchangani. Msomi wa lugha aliokolewa na wanyama walioijua ardhi.

Funzo hilo lisifasiriwe vibaya. Mbwa huweza kunusa maji, ila hawezi kuyapima. Mto Athi hupokea maji machafu yatokayo Nairobi, tena una mamba. Mbwa mwenye kiu anayefunguliwa ukingoni hana subira ya kutazama. Afungwe kamba, na maji yaletwe kwake.

6.0 Udenda na Hofu ya Kichaa

Kuna hatari nyingine isiyotokana na jua lenyewe bali na tafsiri ya watu. Mbwa anayetoa udenda na kupepesuka njiani huweza kudhaniwa kuwa na kichaa cha mbwa, akapigwa mawe kabla mwenyewe hajasema neno. Hofu hiyo si ujinga. Ugonjwa huo, dalili zikishatokea, karibu kila mara huua. Mkakati wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2014 unalenga kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo nao ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Anayesafiri na mbwa hana budi kuheshimu hofu ya wenyeji. Mbwa achanjwe kila mwaka, avae mkanda shingoni, na afungwe kamba apitapo karibu na boma, shule au soko. Mwenyewe awasalimu watu kwanza na kueleza aendako. Mbwa akizidiwa na joto, aseme waziwazi: "Amepigwa na jua, amechanjwa, nisaidieni maji." Sentensi hiyo moja huweza kugeuza mawe kuwa ndoo ya maji. Hata hivyo, mtu yeyote akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitalini bila kukawia, hata kama mbwa anaonekana mzima.

7.0 Hitimisho

Imebainika kwamba usalama wa mbwa katika njia za Mbooni unategemea saa, maji na maneno. Mwenye busara huanza saa 12 asubuhi, hutua kivulini kufikia saa 4, na haanzi tena mpaka saa 10 jioni. Hubeba maji ya wawili. Zaidi ya yote, hujifunza kutofautisha kuhema na kutweta.

Mbwa hana neno la kusema "basi". Msafiri ndiye aliye na lugha, na kwa sababu hiyo ndiye mwenye dhima. Akisema "amechoka" huenda akatembea hatua mia zaidi. Akisema "anatweta" atasimama. Kati ya maneno hayo mawili upo uhai wa mnyama aliyemfuata bila kuuliza waendako.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti ya kimaana kati ya hema, tweta na haha. Je, jamii yako huyatumia yote?

2. Taja maneno ya lugha yako ya kwanza yanayoeleza hali za mnyama aliye juani, kisha uyalinganishe na ya Kiswahili.

3. "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Jadili jinsi mazingira ya nchi kame yanavyoweza kubadili fasiri ya methali iliyozaliwa pwani.