Nauza Samaki Kutwa, Nala Basto

*Shangazi, mimi ni Mbajuni, asili yangu kisiwa cha Chula, sasa nakaa Kismayo nauza samaki. Daktari amenipima akanikuta na kisukari. Amenipa vidonge, akaniambia nipunguze wanga, niongeze protini. Lakini sokoni nitampata wapi wa kunipikia? Asubuhi nakunywa chai kwa sambusa. Mchana tunachanga watu wanne, tunaagiza sinia la mkahawani: wali au basto (tambi), nyama ya mbuzi, na ndizi pembeni. Nikiacha wali, wenzangu wanasema nimeanza kuringa. Nifanyeje?*

*Mchuuzi, Kismayo*

Pole, mwanangu.

Tuanze na vidonge, maana hapo pana hatari. Kabla hujaupunguza wali, rudi kwa daktari umuulize umepewa dawa gani. Metfomini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inaweza, na sindano ya insulini vilevile, ukipunguza wanga na kipimo cha dawa kikabaki kilekile. Ukijiona unatetemeka, jasho linakutoka na moyo unakwenda mbio, kunywa chai ya sukari au soda hapohapo, kisha nenda hospitali. Muulize pia habari za figo zako, kwa sababu figo zilizodhoofika hazistahimili protini nyingi.

Sasa chakula. Unachokitafuta unakishika kutwa nzima, mwanangu! Kipande cha nguru au jodari cha gramu 100, kikishapikwa, kina protini kama gramu 25, na wanga hamna. Kikombe kimoja cha wali kina wanga kama gramu 45, na basto haiko mbali na hapo. Wala usidhani ukiiacha basto umeacha asili yako. Ilizoeleka kwetu kwa Wataliana, ambao Waingereza waliwakabidhi Jubaland hii yetu mwaka 1925. Wazee wa visiwa vya Chula, Koyama na Chovai waliishi kwa samaki kabla ya hapo.

Mkahawani agiza nyama ya kukatakata, mishikaki au samaki wa kuchoma. Akiwa wa kukaanga, mwambie mpishi asimpake unga. Asubuhi kula mayai mawili ya kuchemsha, ambayo yana protini kama gramu 12, na sambusa ya nyama iwe moja tu, kwa sababu ganda lake ni unga mtupu. Ndizi waachie wenzako. Moja ya kadiri ina wanga kama gramu 27.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vinywaji. Chai yetu ya pwani hii hutiwa sukari mpaka inanata mdomoni. Kila kijiko kidogo ni gramu 4, nawe huishii glasi moja. Chupa ndogo ya soda inapita gramu 30. Ukibadilisha sahani nzima na chai ikabaki vilevile, utakuwa umejitesa bure. Iliki na tangawizi zibaki, sukari uipunguze siku hadi siku mpaka ulimi uzoee. Soda iwe ya ile dharura niliyokutajia. Utaambiwa pia kwamba maziwa ya ngamia yanaponya kisukari. Ni chakula chema, yana protini, lakini yana sukari yake ya asili, na usiyafanye badala ya vidonge.

Limebaki sinia, na naona ndilo lililokufanya uandike. Kula pamoja ni jambo kubwa kwetu, sikushauri hata kidogo ujitenge na kisahani chako. Chukua samaki mmoja mzuri katika biashara yako, mpe mpishi amchome, mumweke juu ya sinia ale kila mtu. Wewe kaa upande wa samaki na nyama, wali umege tonge mbili tatu. Aliyeleta kitoweo haambiwi anaringa.

Halafu waambie ukweli, kwamba una kisukari. Usiwafiche watu unaochanga nao pesa na kula nao kila siku. Isitoshe, ukianguka sokoni kwa sukari kushuka, wao ndio watakaokuwa karibu nawe, na wanapaswa kujua wakupe nini. Kisukari hukaa mwilini muda mrefu bila dalili, kwa hiyo mmoja wao akikuuliza pembeni ulipimiwa wapi, mpeleke mwenyewe.