Boti ya kabini iliyotumika: nikague nini?

Swali: Nimepata boti ya faiba yenye kabini inauzwa Dar es Salaam. Imetumika, na injini yake ni ya dizeli, ya ndani. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Kwanza ipandishwe nchi kavu. Igonge tumboni kwa nyundo ndogo ya plastiki. Mlio mkali ni dalili njema. Mlio uliofifia huashiria tabaka za faiba zimeachana au zimelowa. Malengelenge machache hutengenezeka, lakini mbao zilizooza ndani ya sakafu au tezi (nyuma ya boti) zitakugharimu sana.

Fika kabla injini haijawashwa, uiguse. Ikiwa ya moto, huenda muuzaji anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Jaribu pia kila vali ya maji ya bahari: bomba likipasuka na vali imeganda, boti inaweza kuzama.

Kisha nendeni baharini, muikimbize boti kwa kasi huku ukitazama kipimo cha joto.

Thibitisha usajili katika Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na mkaguzi umlipe wewe, asiwe wa muuzaji. Hapo usibane fedha: utabeba roho za watu.