Mwanamfalme na Mpenzi Asiyefikika: Fumo Liyongo baina ya Gungu na Utendi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo madarasani mwetu hupitiwa kwa haraka, nalo ni nafasi ya mapenzi katika masimulizi ya Fumo Liyongo. Mwanafunzi akiulizwa habari za Liyongo hutaja nguvu zake, mishale yake na sindano ya shaba iliyomuua. Ni nadra akumbuke kwamba shujaa huyu alikuwa mwimbaji, na kwamba miongoni mwa tungo anazonasibishwa nazo zimo za mapenzi.

Utendi tunaousoma zaidi ulitungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na Abdilatif Abdalla akauhariri ukachapishwa Dar es Salaam mwaka 1973. Humo ndoa ni mapatano ya kisiasa. Wagala wanastaajabia umbo la Liyongo na kutaka mbegu yake. Mtawala wa Pate anakubali. Mke anatolewa, mtoto anazaliwa. Hakuna ubeti unaomwonyesha Liyongo akimtamani mke huyo. Ashiki ya mwanamfalme imo kwingine, katika tumbuizo, hasa zile za kumsifu Mwana Manga. Tungo hizi, zilizokusanywa na Gudrun Miehe, Abdilatif Abdalla na wenzao katika kitabu cha mwaka 2004, zinasimama nje ya mtiririko wa kisa. Mwana Manga hana nafasi katika masimulizi: hatolewi posa, haolewi, hafi. Anaimbwa tu.

Jina lenyewe linastahili kutafakariwa. Manga ni Uarabuni. Mimi nimekulia Kipungani, pembe ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, na huenda hilo linaniegemeza upande mmoja. Lakini kwa hadhira ya visiwa vyetu Manga ni mahali majahazi yalikotoka kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Mpenzi mwenye jina hilo ana umbali ndani ya jina lake. Sidai kwamba mtunzi alikusudia hivyo. Nadai kwamba msikilizaji wa pwani hawezi kulisikia jina hilo bila kuiona bahari.

Ikumbukwe kwamba tumbuizo hizi hazikuwa za kusomwa kimya. Ziliandamana na ngoma ya gungu, ambayo Edward Steere aliiandikia maelezo katika kitabu chake cha ngano za Kiswahili cha mwaka 1870. Utendi nao unalihifadhi tukio la kiutendaji ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la kimaigizo kuliko yote katika fasihi yetu ya kale. Liyongo, akiwa kifungoni, anaomba achezewe ngoma kabla ya kuuawa. Awali amemwimbia kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo ambao walinzi hawauelewi. Mama yake akaficha tupa ndani ya mkate wa wishwa. Matoazi na pembe zinapovuma, yeye anakata minyororo. Muziki hapa si pambo. Bila kelele zile tupa ingesikika.

Ulinganisho na opera ya Turandot ya Giacomo Puccini, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milan mwaka 1926, unasaidia kuliona suala letu. Calaf ni mwanamfalme ambaye baba yake amepinduliwa. Anampenda binti mfalme anayewatega wachumba kwa mafumbo matatu na kuwaua wanaoshindwa. Liyongo pia ni mwanamfalme asiye na kiti, na fumbo ni silaha yake. Saada na Liù, kijakazi wa opera ile, wanatumikia wokovu wa mwanamume ambaye hatakuwa wao. Tofauti ni kwamba Liù anakufa, na kifo chake kinaimbwa kwa urefu, ilhali Saada anatoweka katika utendi mara tu kazi yake inapokwisha. Puccini alifariki mwaka 1924 kabla ya kuikamilisha kazi hiyo. Franco Alfano ndiye aliyeimalizia, naye akawaunganisha wapenzi. Sisi hatuna mwisho wa namna hiyo.

Hata hivyo, anayemkaribia zaidi mwanamfalme wa ngano anayetamani asichoweza kupata si Liyongo, bali mwanawe. Kijana huyu anaahidiwa na Sultani wa Pate, Daudi Mringwari, uwaziri na binti yake wa kumwoa, mradi aitafute siri ya kifo cha baba. Anaipata, anamdunga kitovuni akiwa usingizini, na ahadi haitimizwi. Wasomaji wengi humhukumu kwa usaliti, na hukumu hiyo ni ya haki. Lakini yafaa kuuliza kwa nini utendi hautuambii kama alimpenda yule binti, au kama aliwahi hata kumwona. Binti hana jina wala sauti. Yeye ni bei.

Hapa ndipo maandishi yanapotofautiana na jukwaa. Utenzi waweza kuupita ukimya huu kwa ubeti mmoja. Mchezo wa muziki hauwezi, kwa kuwa mhusika aliyesimama mbele ya watu akiwa na sindano mkononi sharti atamke kitu. Vikundi vya vyuo vyetu vikitaka kuigiza kisa hiki havina budi kuamua kama kijana atapewa tumbuizo lake usiku ule, na kama ataimba juu ya binti, uwaziri au baba. Kijumwa hakumpa wimbo. Alimpa mama yake Liyongo kazi ya kwenda kisimani kumbembeleza mwana aliyepiga goti na upinde wake, akidhani yu hai na amekasirika.