Dondoo muhimu: Uchawi wenye mipaka mchezoni

Unayeongoza mchezo wa kuigiza wahusika Ngara au Biharamulo, mfano wa uchawi wenye mipaka unao nchini. Sheria ya Uchawi ya 1928 humruhusu mkuu wa wilaya kumwamuru mtuhumiwa aishi mahali fulani. Tiba asili, kwa upande wake, ina sheria yake ya 2002.

Vivyo hivyo mchezoni: kabla dadu hazijarushwa, taja nguvu ipi ni haramu, nani hutoa kibali, adhabu ni nini. Mimi napendelea uhamisho kuliko kifo: mchawi wa Rusumo akiamriwa kuishi Biharamulo, hadithi inapata safari, majirani wapya na siri ya kuficha.

Tafadhali, bibi mwenye macho mekundu asiwe mchawi wenu. Kanda ya Ziwa wazee wenye macho mekundu wameuawa kweli kwa shutuma za uchawi.