Chakula cha Mtoto Kabla ya Darasa la Awali

Utayari wa mtoto kuanza shule, yaani uwezo wake wa kusikiliza, kukumbuka, kuzungumza na kutulia miongoni mwa wenzake, huanza kujengeka muda mrefu kabla hajavaa sare, kwa kuwa ubongo hukua kwa kasi kubwa zaidi katika siku 1,000 zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Na ingawa ufupi ndio unaoonekana, madhara mazito zaidi ni yale yanayoupata ubongo.

Kwa familia zisizomudu lishe bora, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), huzipa kaya ruzuku ya fedha, na sehemu ya ruzuku hiyo hutegemea watoto wadogo kupelekwa kliniki. Kwa kuwa msaada huu huja kama fedha wala si unga, mlezi ndiye anayeugeuza kuwa chakula: ugali hushibisha, lakini mtoto aliyetimiza miezi sita huhitaji pia dagaa, maharage, mayai, mboga za majani na matunda, tena kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, kwani tumbo lake ni dogo. Madini ya chuma, kama yale yaliyomo kwenye maharage, hukinga upungufu wa damu, ambao humchosha mtoto na kumpunguzia usikivu. Chungwa au embe likiliwa pamoja na maharage huusaidia mwili kuyafyonza madini hayo, ilhali chai huyazuia.

Mtoto anapoingia darasa la awali, uji wa shuleni huongezea chakula cha nyumbani wala hauchukui nafasi yake, hivyo aliyekula mara ya mwisho jioni hapaswi kusubiri uji wa saa nne asubuhi. Katika shule nyingi uji huo hutokana na michango ya wazazi, na kumnyima mtoto ambaye mzazi wake hakuweza kuchangia ni kumwadhibu kwa umaskini asiouchagua, ilhali yeye ndiye anayeuhitaji uji huo kuliko wote. Mzazi wa namna hiyo na aieleze kamati ya shule hali yake mapema, badala ya kumbakiza mtoto nyumbani kwa aibu.