SOMO LA WIKI: NAFASI YA PILI NI SASA
Andiko: Waebrania 9:27, Yohana 3:1-8

Hapa Dandora filamu za Kihindi tumezijua tangu enzi za vibanda vya video, na leo vijana wanazitazama kwa simu. Nyingine zina hadithi hii: kifo kinatenganisha wapenzi, kisha mtu anazaliwa tena kuja kumalizia mambo.

Chukua Om Shanti Om ya 2007, ya Shah Rukh Khan na Deepika Padukone. Om anakufa baada ya kujaribu kumwokoa Shanti kwa moto. Anazaliwa tena kama mtoto wa staa, anakua, anamtafuta muuaji. Lakini si uliona mwisho? Shanti harudi. Yule msichana anayefanana naye ni mtu mwingine, na Shanti mwenyewe anatokea kama mzuka tu. Om alipata kisasi. Mpenzi wake hakumpata.

Kwa nini hadithi hizi zinatushika? Kwa sababu wengi wetu tuna mtu tuliyemzika kabla hatujapatana naye.

1. Kitabu kinafungwa
Nilisomea biashara. Deni usilolipa mwaka huu linaandikwa tena kwenye hesabu za mwaka ujao. Filamu inafanya hivyo na maisha. Waebrania 9:27 inakataa: tunakufa mara moja, halafu hukumu.

2. Kuzaliwa mara ya pili ni kwa walio hai
Nikodemo aliuliza kama mzee anaweza kurudi tumboni. Yesu hakumpa tumbo lingine. Alimwambia habari za Roho. Nikodemo alibaki na jina lile lile na kazi ile ile. Lakini aliyekuja usiku, katika Yohana 19:39 anajitokeza na manukato kumzika Yesu. Hiyo ndiyo nafasi ya pili.

Fanya hivi wiki hii
- Kuna mtu hamsemezani? Bwana, mke, ndugu, mama watoto? Mpigie leo. Usingoje mkutane kwa matanga.
- Kama ameshaenda, usimtafute kwa mganga wala kwa ndoto. Mpelekee Mungu toba yako, halafu wapende waliobaki.

Mstari wa kukariri: 2 Wakorintho 6:2

Tuombe: Bwana, nipe ujasiri wa kusema samahani yule mtu akiwa bado anasikia. Amina.